Besi isiyo na freti kwa mikono midogo: kutoka sanduku la chai hadi inchi 30

Leo naomba tuache kidogo habari za seva na hifadhidata, tuzungumze juu ya mbao na nyuzi. Wapenzi wa hesabu msikimbie, hesabu zipo huko mbele.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anaishi upande wa Bomet, na ana binti wa miaka 15 anayepiga gitaa la besi kanisani. Gitaa si lake, ni la kanisa, kubwa na zito kama mti wa mkaratusi. Mwaka jana niliporudi nyumbani nilimwekea nyimbo kwenye simu, na kati ya hizo ilikuwemo albamu ya Graceland ya Paul Simon, iliyotoka mwaka 1986. Binti akaisikia besi ya Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, ile sauti inayoteleza kama mtu anayeimba bila maneno. Akaniuliza, "Mjomba, huyu anafanyaje?" Nikamjibu kwamba besi ile haina freti. Tangu siku hiyo sikupata amani.

Bonasi ya chai ilipotoka, mama yake akasema yuko tayari kutenga sehemu ya pesa. Mliokulia huku kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Bonasi ni karo, ni mabati, ni ng'ombe. Ukimnunulia mtoto kitu kisichomfaa, hakuna bonasi nyingine hadi mwaka upite. Basi wakaenda kumwuliza bwana mmoja mwenye uzoefu wa kupiga besi. Akamtazama binti mikono, akacheka. "Hiyo mikono ni ya kuchuma chai," akasema. "Besi inataka vidole virefu, na isiyo na freti ndiyo mbaya zaidi. Arudi kwenye kinanda." Binti akaacha kwenda mazoezi kwa wiki tatu.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikiambiwa jambo haliwezekani, huuliza maswali matatu: kipimo ni kipi, nani alikiweka, na alikiweka kwa sababu gani? Nikaanza kutafuta. Nilichokipata ni historia ambayo, kwa mshangao wangu, inapita karibu sana na mlango wa nyumba yetu.

KWANZA, FRETI NI NINI?

Kwa wasiopiga: freti ni vile vijiti vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, uzi unagusa chuma, na urefu unaotetemeka unaanzia pale kwenye chuma, si kwenye kidole chako. Hata kidole kikikaa vibaya kidogo, sauti inatoka sawa. Ukiondoa freti, kidole chako ndicho kinachokata uzi. Kikisogea milimita mbili, sauti nayo inasogea. Hapo ndipo utamu unapotoka, na hapo ndipo aibu inapotoka pia.

Msidhani basi kwamba ala zisizo na freti ni mambo ya kigeni. Udi wa taarabu hauna freti. Fidla haina. Hapa kwetu Wakipsigis wana ala ya nyuzi inayoitwa chepkong, ambayo wengine huiita kibugandet, na haina hata shingo: kila uzi una sauti yake, na mpigaji hahitaji kutanua vidole kufuata sauti juu ya ubao. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawanasa Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilifika huku kwa gramafoni, likatamkwa Kikipsigis hadi likawa jina la kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu mnyama. Nataja rekodi hii kwa sababu moja. Wasichana wa rika la mpwa wangu walikuwa wakifanya muziki huku kwetu miaka 75 na zaidi iliyopita, muziki ambao hadi leo watu wa mbali wanautafuta, na ala iliyokuwa nao iliwatosha mikononi.

SANDUKU LA CHAI

Sasa tuje kwenye besi yenyewe. Kampuni za Waingereza zilianza kupanda chai kwa mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920. Chai ikishakaushwa ilipakiwa kwenye masanduku ya mbao za plaiwudi, yenye pembe za bati na karatasi ya fedha ndani ili unyevu usiingie, ikapelekwa Mombasa na kuvuka bahari. Siku hizi chai husafirishwa kwa magunia ya karatasi, lakini wazee wanayakumbuka masanduku yale. Bibi yangu alikuwa nalo moja, aliweka blanketi ndani.

Sanduku likishamwagwa chai, lilikuwa kitu kikubwa, chepesi, na tupu ndani. Mwanamuziki akiona kitu cha namna hiyo anaona tumbo la ala. Unaligeuza sanduku, mdomo ukae chini. Unatoboa tundu katikati ya kitako, unapitisha kamba, unafunga ncha yake ya pili kwenye fimbo. Mguu wa fimbo unauweka kwenye ukingo wa sanduku. Ukiivuta fimbo nyuma, kamba inakaza na sauti inapanda. Ukiilegeza, sauti inashuka. Umepata besi, na haina freti hata moja.

Zanzibar ala hii inaitwa sanduku tu, basi, na ndiyo besi ya kidumbak, yule mdogo wake taarabu anayechezwa harusini kwa fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa na mkwasa. Uingereza nako vijana wa miaka ya 1950 waliipenda vivyo hivyo, kwa kuwa hawakuwa na pesa. Tarehe 6 Julai 1957, siku John Lennon alipokutana na Paul McCartney mjini Liverpool, kikundi cha Lennon kilikuwa na besi ya sanduku la chai. Kwa hiyo kabla ya Beatles kuwa Beatles, besi yao ilikuwa kifungashio cha chai!

Angalieni jambo moja la kiufundi hapa, kwa kuwa ndilo linalonihusu. Sauti ya uzi inategemea vitu vitatu: urefu wake, uzito wake, na jinsi ulivyokazwa. Gitaa hubadilisha urefu. Sanduku hubadilisha mkazo. Mpigaji wa sanduku hatanui vidole kabisa, anavuta fimbo kwa mkono mzima. Mtu mwenye mikono midogo na mtu mwenye mikono kama koleo la mkaa wako sawasawa mbele ya sanduku. Maana yake ni kwamba sauti nene haikuwahi kudai vidole virefu. Kilichodai vidole virefu ni ubunifu wa aina moja tu.

INCHI 34 ZILITOKA WAPI?

Tuufuate ubunifu huo. Kabla ya umeme, besi ya bendi za Ulaya na Marekani ilikuwa ile kubwa ya kusimama, inayofanana na fidla iliyolishwa sana. Uzi wake, kutoka kizingiti cha juu shingoni hadi kwenye daraja, una urefu wa sentimita 105 hivi. Haina freti. Ni kubwa kwa sababu ya fizikia: bila amplifaya, unahitaji tumbo kubwa na uzi mrefu ili sauti ya chini isikike ukumbini.

Katika miaka ya 1930, mjini Seattle, Paul Tutmarc alitengeneza besi ya umeme ya kushika kama gitaa, Audiovox 736. Ilikuwa na freti. Na urefu wa uzi wake? Karibu inchi 30, yaani sentimita 76. Someni tena: moja ya besi za kwanza kabisa za umeme za namna hii ilikuwa fupi. Umeme ulikuwa umeshaondoa sababu ya kuwa kubwa. Bahati mbaya haikuuzika sana, ikasahaulika.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California akatoa besi yake na kuiita Precision, neno lenye maana ya usahihi. Usahihi huo ulitoka kwenye freti: mpiga gitaa yeyote angeweza kuishika na kupata sauti sawasawa bila miaka ya mazoezi. Fender aliweka uzi wa inchi 34, sentimita 86.4. Inasimuliwa kwamba alijaribu mifupi zaidi na mirefu zaidi, akaona hiyo ya katikati inafanya kazi vizuri na nyuzi alizoweza kupata wakati huo. Ulikuwa uamuzi wa mhandisi mmoja mwenye karakana, mwenye nyuzi za mwaka 1951 mezani.

Wanaoandika programu wenzangu mnalijua jambo hili. Kila programu ina thamani zilizowekwa tayari kabla mtumiaji hajachagua lolote. Aliyeziandika alikuwa na sababu zake siku ile. Miaka ikipita, watu wanasahau kwamba ni chaguo, wanadhani ni sheria ya maumbile. Inchi 34 ni thamani ya namna hiyo.

Wengine hawakuifuata. Gibson walitoa besi yao mwaka 1953 yenye uzi wa inchi 30 na nusu. Höfner wa Ujerumani wakatoa yao yenye umbo la fidla mwaka 1956, inchi 30, na Paul McCartney akainunua Hamburg mwaka 1961. Fender mwenyewe akarudi mezani na kutoa Mustang Bass ya inchi 30 mwaka 1966. Nyimbo za Beatles zinazojulikana dunia nzima zimesimama juu ya besi fupi, na sijasikia mtu akilalamika kwamba ni nyepesi.

FRETI ZIKANG'OLEWA

Baada ya Fender kuuza usahihi, watu wakaanza kuutupa. Mwaka 1961 Bill Wyman, kabla hajaingia Rolling Stones, alinunua besi ya bei rahisi iliyokuwa na freti mbovu. Akazing'oa akitarajia kuweka mpya, akaisikia sauti, akaacha hivyo hivyo. Mwaka 1966 kampuni ya Ampeg ikauza besi ya umeme isiyo na freti, na Fender wakafuata mwaka 1970. Kisha akaja Jaco Pastorius wa Florida. Alikuwa na Fender Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti, iliyozibwa mifereji na kupakwa gundi ngumu inayotumika kwenye mashua ili nyuzi zisile ubao. Albamu yake ya mwaka 1976 iliwafanya wapiga besi wengi wa dunia watafute koleo. Miaka kumi baadaye Bakithi Kumalo akaipeleka sauti hiyo ndani ya Graceland kwa besi ya Washburn isiyo na freti, naye hakuwa akimwiga Jaco. Alikuwa akiimba kwa vidole namna watu wa kwao wanavyoimba.

Hebu wahesabuni tena. Wyman alianza kwa kung'oa freti za gitaa la bei rahisi. Besi maarufu kuliko zote katika aina hii ilikuwa gitaa la kawaida lililobadilishwa. Jambo hili litatufaa sasa hivi.

HESABU NILIZOMFANYIA MPWA WANGU

Nafasi ya kila sauti kwenye shingo hufuata kanuni moja tu. Umbali kutoka kizingiti cha juu ni L × (1 − 2^(−n/12)), ambapo L ni urefu wa uzi na n ni idadi ya nusu toni. Nikaandika programu ya mistari kumi hivi. Niliiuliza maswali mawili kuhusu sehemu ya chini kabisa ya shingo, ambako nafasi ni pana kuliko kote. Kuna umbali gani kutoka sauti ya kwanza hadi ya nne, yaani kidole kimoja kwa kila nusu toni? Na kuna umbali gani kutoka ya kwanza hadi ya tatu?

- Besi kubwa ya kusimama, sm 105: milimita 158, na milimita 108.
- Besi ya inchi 34: milimita 130, na milimita 89.
- Besi ya inchi 30: milimita 114, na milimita 78.
- Vibesi vidogo vyenye nyuzi za mpira, sm 53 hivi: milimita 80, na milimita 55.

Kisha nikamwambia binti aweke mkono juu ya rula na kutanua, kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi ncha ya kidole cha mwisho. Wazee wetu walipima kwa shubiri, kutoka kidole gumba, lakini gumba liko nyuma ya shingo ya gitaa, halisaidii kitu hapa. Akapata milimita 120, na akasema panauma.

Basi yule bwana hakusema uongo mtupu, na lazima niwe mkweli. Kwenye besi ya inchi 34, kidole kimoja kwa kila nusu toni kinadai milimita 130, na mtoto hana. Tena yuko sawa kwamba isiyo na freti ni ngumu zaidi. Kwenye besi yenye freti kidole kinaruhusiwa kukaa popote katika nafasi yake. Cha kwanza kinaweza kuegemea freti yake, cha mwisho kikapita kidogo tu freti ya tatu, na kimahesabu sauti zile zile nne zinapatikana kwa milimita 89 na ushee, ingawa sauti safi hutoka karibu na freti. Ukiziondoa freti, msamaha huo unaondoka. Kidole lazima kikae juu ya mstari wenyewe. Milimita 40 zimepotea.

Lakini tazameni safu ya pili ya hesabu. Wapigaji wa besi ya kusimama wamekuwa wakipiga uzi wa sentimita 105 kwa karne nyingi, na wengi wao si majitu. Siri yao iko katika mbinu aliyoiandika Franz Simandl, mwalimu wa Vienna, mwishoni mwa karne ya 19, na inayofundishwa hadi leo. Mkono mmoja hauchukui nusu toni nne, unachukua tatu: kidole cha kwanza, cha pili, na cha nne kikisaidiwa na cha tatu. Ukitaka zaidi, unausogeza mkono mzima. Kwa mbinu hiyo besi kubwa kuliko zote inadai milimita 108. Binti ana 120. Besi ya inchi 34 inadai 89, na ya inchi 30 inadai 78 tu.

Nilipokuwa nikimweleza haya, dada yangu alikuwa jikoni akisikiliza. Akatoka na mwiko mkononi, akamwambia binti yake, "Kwani mimi nikichuma chai nasimama mahali pamoja nivute mikono? Si nasogea! Majani mawili na kichipukizi, nasogea. Huyo mzee alikuambia mikono ya kuchuma chai kama tusi, na hajui anachosema." Mimi nilikuwa na mistari kumi ya programu. Yeye alimaliza kwa sentensi moja.

Kuna ushahidi mwingine wa watu. Carol Kaye wa Los Angeles alikuwa mpiga gitaa, akaanza kupiga besi studioni mwaka 1963, na kwa maelfu ya rekodi alitumia Fender Precision, ile ile ya inchi 34. Inawezekana, basi, hata kwenye ndefu. Swali letu halikuwa kama inawezekana. Swali lilikuwa ni ipi itakayomruhusu mtoto wa miaka 15 kufanya mazoezi ya saa moja bila kuumia kifundo cha mkono, ili asiache tena.

FUPI NAYO INA GHARAMA

Msije mkakimbilia ndogo kuliko zote. Nilihesabu pia kosa. Wanamuziki hugawa nusu toni moja katika sehemu 100 zinazoitwa senti. Ukikosea milimita moja chini shingoni, besi ya inchi 34 inatoka nje kwa senti 2.1. Ya inchi 30, senti 2.4. Kibesi cha sentimita 53, senti 3.5. Yaani kadiri ala inavyokuwa fupi, ndivyo inavyoadhibu kosa lile lile. Kwa mtu anayeanza bila freti hilo si dogo. Tofauti kati ya 34 na 30 ni ndogo sana kuisikia. Tofauti kati ya 30 na kibesi inasikika.

Pia mkazo wa uzi hufuata mraba wa urefu. Uzi ule ule, kwa sauti ile ile, kwenye inchi 30 una mkazo pungufu kwa asilimia 22 kuliko kwenye inchi 34. Ni laini kwa vidole, lakini uzi mnene wa E unaweza kulegea na kunguruma. Dawa yake ni kuweka nyuzi nene kidogo zilizotengenezwa kwa urefu huo.

Kwa hiyo tukaandika orodha hii kwenye daftari, nami nawapa ninyi pia:

1. Uzi wa inchi 30, au zaidi kidogo. Usikubali kuambiwa "ni ndogo" au "ni kubwa". Beba futi ya fundi cherehani, pima kutoka kizingiti hadi daraja.
2. Upana wa shingo kwenye kizingiti. Jazz Bass ina milimita 38, Precision za zamani zilifika 44. Milimita hizo sita mkono mdogo unazihisi kuliko zote.
3. Mistari ubaoni. Kuna besi zisizo na freti zenye mistari iliyochorwa mahali pa freti. Wapo wanaoibeza. Waacheni, kidole kinajifunza upesi zaidi kikiona kinakokwenda.
4. Uzito na mizani. Vaa mkanda, achia mikono. Shingo ikianguka chini, mkono wa kushoto utafanya kazi ya kuibeba badala ya kupiga.
5. Nyuzi zenye uso laini, zilizosokotwa kwa utepe bapa. Haziuli ubao na haziumizi vidole.
6. Kaa chini, piga kidole cha 1, 2, na 4 hapo hapo chini shingoni, kwa dakika kumi. Kifundo kikipinda sana au kikiuma, rudisha gitaa mahali pake.

TULIVYOFANYA

Zamani mjini Kericho kulikuwa na Chandarana, jina lililoandikwa kwenye santuri nyingi za wanamuziki wa magharibi mwa Kenya, za Kikalenjin na za majirani zetu. Gitaa lilikuwa na soko hapa. Hata hivyo besi fupi isiyo na freti hatukuipata dukani, si Kericho, si Nairobi. Kuagiza kutoka nje kungekula bonasi yote pamoja na ushuru.

Tukakumbuka Wyman. Tukanunua besi iliyotumika, ya inchi 30, yenye freti, shingo imenyooka. Tukampelekea fundi seremala mjini Kericho. Alipasha moto kila freti kwa chuma cha kulehemu, akaivuta polepole kwa koleo ili mbao isichubuke. Mifereji akaiziba kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe na gundi, akapiga msasa. Mistari ikabaki yenyewe, mahali pale pale freti zilipokuwa. Mwisho akachimba kizingiti cha juu kidogo, kwa sababu bila freti nyuzi zilikuwa zimeinuka mno juu ya ubao. Kazi ya siku mbili, na pesa ya karo haikuguswa.

Wakati fundi akifanya kazi, binti hakukaa bure. Tulilitoa blanketi kwenye sanduku la bibi, tukalifunga kamba na fimbo. Wiki nzima alikuwa akitafuta sauti kwa sikio, bila mstari, bila freti, akifuata nyimbo za redioni. Majirani walivumilia. Aliposhika besi yenyewe, sikio lilikuwa limeshatangulia vidole.

Ni miezi mitano sasa. Bado huteleza nje ya sauti akifika juu shingoni, na hukunja uso kama aliyeonja ndimu, kisha anarudisha kidole mahali pake. Amerudi kwaya. Jumapili iliyopita dada yangu alinitumia rekodi kwenye simu, na katikati ya wimbo besi ikapanda taratibu kutoka sauti moja hadi nyingine, bila ngazi, ikiimba.

Yule bwana anapiga naye kwaya hiyo hiyo. Naambiwa ameomba kuijaribu besi, akaishika, akakosa sauti zote. Binti akamwonyesha pa kuweka vidole.

Haya, tuonane tena. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.